Kasi na Ufahamu: Nafasi ya Kusoma kwa Kasi katika Kumfundisha Kiingereza Mwanafunzi wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Mwanafunzi anayesoma Kiingereza polepole mno hupoteza maana ya sentensi kabla hajafika mwishoni mwake. Kwa sababu hiyo walimu na wazazi wengi katika eneo letu wamevutiwa na mbinu za kusoma kwa kasi. Makala haya yanafafanua kwamba jina hilo moja linabeba mambo mawili tofauti: biashara ya kuyafunza macho kuruka maandishi, na mazoezi ya kukuza wepesi wa kutambua maneno ambayo mwanafunzi ameshayajua. La kwanza halina ushahidi wa kutosha; la pili linao, ila kwa masharti. Makala yanaeleza jinsi macho yanavyosoma, yanabainisha vikwazo vinavyomkabili msomaji aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi, yanahoji kipimo cha maneno kwa dakika, kisha yanaeleza namna ya kuendesha mazoezi hayo katika darasa lisilo na vifaa vingi.

Istilahi muhimu: kusoma kwa kasi, ufahamu, wepesi wa usomaji, msamiati, lugha ya kufundishia

1.0 Utangulizi

Mwezi Oktoba 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, na utekelezaji ukaanza mwaka uliofuata. Nchini Tanzania, kwa miongo mingi, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amekuwa akisoma kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakabidhiwa vitabu vya Bayolojia, Jiografia na Historia vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Nchini Burundi mtoto hukutana na Kiingereza sambamba na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Historia za nchi hizi hazifanani, lakini zimemzaa mwanafunzi wa aina moja: anayelazimika kusoma ili ajifunze mambo mengine, kwa lugha ambayo bado anajifunza kuisoma. Ripoti ya Criper na Dodd (1984) kuhusu sekondari za Tanzania ilikwisha kuonyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo yao. Imepita miaka arobaini, na mjadala wa lugha ya kufundishia ungali palepale. Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo. Yanamtazama mwanafunzi aliyeko darasani leo, ambaye hatangoja sera ibadilike.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tuchukue sura ya kitabu yenye maneno 4,000. Mwanafunzi anayesoma maneno 80 kwa dakika ataimaliza kwa dakika 50 bila kupumzika na bila kurudia. Mwenzake anayesoma maneno 150 kwa dakika ataimaliza kwa dakika 27. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa masomo manane na kwa muhula mzima, tunapata mwanafunzi mmoja anayesoma vitabu vyake na mwingine anayenakili muhtasari wa mwalimu na kuukariri. Huyu wa pili mara nyingi huitwa mvivu, ilhali kinachomshinda ni saa.

Ndiyo maana kozi za kusoma kwa kasi zinapata wateja. Matangazo yake huahidi maneno 1,000 kwa dakika au zaidi, na huahidi kwamba ufahamu utaongezeka pamoja na kasi. Mzazi aliyeona mtoto wake akihangaika na ukurasa mmoja jioni nzima ana kila sababu ya kuyaamini. Inafaa tuanze kwa kuuliza kama macho ya binadamu yanaweza kufanya kinachoahidiwa.

2.0 Macho Yanavyosoma

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, alitanabahisha kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama kidole kinavyoteleza. Huruka, hutua, huruka tena. Tafiti zilizofuata, hasa za Keith Rayner na wenzake, zimetoa vipimo. Msomaji mzoefu wa Kiingereza hutua kwa takriban robo ya sekunde, kisha huruka herufi 7 hadi 9. Wakati wa mruko haoni kitu cha maana. Kusoma hufanyika wakati wa kutua. Akiwa ametua, hupata taarifa za herufi tatu au nne upande wa kushoto wa kituo na takriban 14 au 15 upande wa kulia, lakini eneo la kutambua neno kwa uhakika ni dogo zaidi kuliko hilo. Katika kila miruko kumi, mmoja hivi hurudi nyuma.

Hapa ndipo ahadi ya kusoma ukurasa kwa mtazamo mmoja inapokwama. Ukali wa kuona uko katikati ya jicho tu, na hupungua haraka kadiri tunavyosogea pembeni. Hakuna zoezi linalobadilisha umbile hilo.

Jina la kusoma kwa kasi lilienezwa na mwalimu wa Kimarekani, Evelyn Wood, aliyeanzisha kozi yake mwaka 1959. Aliwafundisha wanafunzi kupitisha mkono juu ya ukurasa, kuacha kurudi nyuma, na kunyamazisha sauti ya ndani inayotamka maneno. Kozi hiyo ilipata umaarufu mkubwa Marekani, hata miongoni mwa watumishi wa Ikulu ya nchi hiyo. Just na Carpenter, pamoja na Masson, walipowalinganisha wahitimu wa kozi ya namna hiyo na wasomaji wa kawaida pamoja na watu walioambiwa tu wapitie matini juujuu, waligundua kwamba wasomaji wa kawaida ndio walioelewa zaidi. Wahitimu waliwashinda kidogo waliopitia juujuu katika kupata wazo kuu la matini nyepesi. Katika mambo ya undani hawakuwazidi. Kwa maneno mengine, walikuwa wamejifunza kupitia juujuu kwa ustadi. Huo si ustadi wa kudharauliwa, lakini ni tofauti na ule waliouziwa.

Maagizo mawili ya kozi hizo yanahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu walimu wetu huyarudia darasani. La kwanza ni kukataza macho yasirudi nyuma. Schotter, Tran na Rayner (2014) waliwazuia wasomaji wasiweze kusoma tena maneno waliyokwisha kuyapita, na ufahamu wao ukashuka. Msomaji hurudi nyuma kwa sababu amegundua kwamba hakuelewa. Kumkataza ni kumnyang'anya dawa na kumwachia ugonjwa. La pili ni kunyamazisha sauti ya ndani. Slowiaczek na Clifton (1980) walionyesha kwamba mtu akizuiwa kutumia sauti hiyo hushindwa kuunganisha mawazo ya sentensi moja na nyingine, hata kama anaelewa neno moja moja. Mapitio makubwa ya Rayner na wenzake (2016) yamekusanya ushahidi huu wote na kufikia hukumu isiyopendeza wauzaji: kasi na usahihi hubadilishana, ukiongeza kimoja kupita kiwango fulani unapunguza kingine.

Basi msomaji wa kawaida ana kasi gani? Brysbaert (2019), baada ya kujumlisha tafiti 190, alipata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa watu wazima wanaosoma kimya Kiingereza kisicho cha kubuni, na 260 kwa kazi za kubuni. Takwimu hizi ni za wasomaji ambao Kiingereza ni lugha yao. Mwalimu anayemshurutisha mwanafunzi wa kidato cha pili afikie maneno 500 anamtaka azidi wenye lugha mara mbili.

Hata hivyo kuna pengo halisi kati ya 80 na 238, na pengo hilo linaweza kupunguzwa. Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo.

3.0 Kwa Nini Mwanafunzi Wetu Husoma Polepole

Alderson (1984) aliuliza swali ambalo limebaki kuwa msingi wa taaluma hii: je, kusoma kwa lugha ya kigeni ni tatizo la kusoma au tatizo la lugha? Kwa mwanafunzi wa Maziwa Makuu jibu haliwezi kuwa moja, kwa kuwa anajikwaa katika ngazi kadhaa kwa wakati mmoja.

Ngazi ya kwanza ni tahajia. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea mkataba mwaminifu: herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa, vokali ni tano, na silabi nyingi huishia kwa vokali. Kinyarwanda na Kirundi vina mkataba wa karibu na huo, ingawa maandishi ya kawaida ya lugha hizo hayaonyeshi toni wala urefu wa vokali. Kiingereza kinauvunja mkataba huo siku ya kwanza. Maneno 'though', 'through', 'tough' na 'cough' yanaishia kwa herufi zile zile na hayana mwisho mmoja wa matamshi. Neno 'strength' lina herufi nane na silabi moja. Seymour, Aro na Erskine (2003) walilinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, wakaona kwamba wanaojifunza kwa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda unaohitajiwa na wenzao wa lugha zenye tahajia wazi. Hao ni watoto wanaokijua Kiingereza tangu nyumbani. Mwanafunzi wetu hubeba mzigo huo pamoja na ugeni wa lugha yenyewe, na mbinu yake ya asili, yaani kuunganisha silabi, inamsaidia kwa Kiswahili na kumsaliti kwa Kiingereza.

Ngazi ya pili ni umbo la neno, na kwa maoni yangu haijapewa uzito unaostahili. Katika lugha za Kibantu kiima, njeo, ukanushi na yambwa hukaa ndani ya kitenzi. Kiswahili kinasema 'nitakusomea' kwa neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno matano: 'I will read to you'. Kinyarwanda kinasema 'ndagukunda' pale ambapo Kiingereza kinaweka maneno matatu. Msomaji wa lugha ya Kibantu hujizoeza kulichambua neno refu ndani kwa ndani na kukipa kila kipande haki yake, kwa sababu kosa la silabi moja hubadili mtenda au mtendwa. Kiingereza kimetawanya vipande hivyo kuwa maneno madogo madogo yanayosimama peke yake. Tafiti za Carpenter na Just zimeonyesha kwamba msomaji mzoefu wa Kiingereza hutua juu ya maneno yenye maudhui kwa takriban asilimia 85, lakini maneno ya kisarufi kama 'of', 'the' na 'to' hutua juu yake kwa takriban asilimia 35 tu. Mengine huyaona kwa pembeni na kuyaruka. Mwanafunzi wetu huyatembelea yote. Anasoma 'the' kwa heshima ile ile anayompa 'government'. Kwa mtazamo wa sarufi ya lugha yake yuko sahihi kabisa, na ndiyo maana kumwambia tu aongeze kasi hakumfikishi popote.

Ngazi ya tatu ni msamiati. Hu na Nation (2000) walikadiria kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ili aielewe bila msaada, yaani asikutane na zaidi ya neno moja geni katika kila hamsini. Nation (2006) alihesabu kwamba kufikia kiwango hicho katika magazeti na riwaya za kawaida kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Mwanafunzi anayeingia sekondari yuko mbali sana na idadi hiyo. Anapokutana na neno geni katika kila mstari, kusoma kwake hugeuka kuwa kubahatisha, na hakuna mbinu ya macho inayoweza kumpa maana ya neno asilolijua.

Ngazi ya nne inatokana na desturi za darasa. Shuleni kwetu kusoma kumemaanisha kusoma kwa sauti: mwalimu anasoma sentensi, darasa linaitikia, au mwanafunzi mmoja anasimama na kusoma aya huku wengine wakifuata kwa kidole. Desturi hiyo ina manufaa yake kwa wanaoanza, na pale ambapo kitabu kimoja kinagawanywa kwa wanafunzi watano hakuna njia nyingine iliyo rahisi. Lakini inafunga kasi ya wote kwenye kasi ya ulimi wa mmoja. Tena inamzoesha mwanafunzi kudhani kwamba akishatamka amesoma. Nimekaa nyuma ya madarasa ambamo aya nzima ilisomwa kwa matamshi mazuri, na lilipoulizwa swali la kwanza kuhusu maana yake, darasa likanyamaza.

Ngazi hizi nne hukutana mahali pamoja, napo ni katika kumbukumbu ya muda mfupi. Sentensi ya maneno 20, ikisomwa kwa kasi ya maneno 60 kwa dakika, huchukua sekunde 20. Kufikia kitenzi cha mwisho, kiima kimekwisha kufifia. LaBerge na Samuels (1974) walieleza jambo hili kwa nadharia ya umakinifu: akili ina kiasi kimoja cha umakinifu, na kinachotumika kutambua maneno hakipatikani tena kwa ajili ya kuelewa. Utambuzi ukiwa wa papo hapo, umakinifu unabaki huru. Kwa hiyo kasi inayotufaa ni dalili ya utambuzi mwepesi. Si lengo linalosimama peke yake. Mwanafunzi akizoea kuyatambua maneno, kasi huja, na ufahamu hupata nafasi.

4.0 Tahadhari Kuhusu Kipimo

Kabla ya kufikia mbinu, ni lazima kukitazama kipimo chenyewe. Kasi ya kusoma hupimwa kwa maneno kwa dakika, kana kwamba neno ni kitu kimoja katika lugha zote. Trauzettel-Klosinski na Dietz (2012) waliwapima watu wazima kwa matini zinazolingana katika lugha 17. Wasomaji wa Kiingereza walipata wastani wa maneno 228 kwa dakika, na wasomaji wa Kifini maneno 161. Wafini si wasomaji dhaifu. Lugha yao, kama zetu, hubandika viambishi kwenye neno, na neno lao moja hubeba kazi ya maneno mawili au matatu ya Kiingereza.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesoma maneno 90 ya Kiswahili kwa dakika huenda anapitia maudhui mengi kuliko anayesoma maneno 110 ya Kiingereza. Tathmini za usomaji wa awali zinazotumika katika nchi zetu zinapoweka lengo la idadi ya maneno kwa dakika na kulihamisha kutoka lugha moja hadi nyingine, zinaweza kumtangaza mtoto wa Kirundi kuwa nyuma kwa sababu tu lugha yake haina desturi ya kutenganisha viambishi. Kwa ulinganishi kati ya lugha inafaa kuhesabu silabi, au kutumia matini za maudhui yale yale na kulinganisha muda. Kwa kufuatilia maendeleo ya mwanafunzi mmoja katika Kiingereza, maneno kwa dakika yanatosha, mradi alinganishwe na nafsi yake ya wiki iliyopita.

5.0 Mazoezi Yanayofaa

Mwaka 1974 Edward Quinn na Paul Nation walichapisha kozi ya kusoma kwa kasi iliyotungwa mahususi kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Jina lake lilifanana na la kozi za kibiashara, lakini misingi yake ilikuwa tofauti kabisa. Matini zilikuwa fupi, za takriban maneno 550 kila moja, zilizoandikwa kwa msamiati mwepesi uliodhibitiwa, na kila matini ilifuatwa na maswali kumi. Hakuna mafunzo ya macho. Mwanafunzi husoma matini moja, huandika muda aliotumia, hujibu maswali bila kuitazama tena, husahihisha, kisha huweka alama mbili kwenye grafu yake: ya kasi na ya ufahamu. Zoezi lote halizidi dakika kumi na tano.

Nation amefafanua masharti yanayolifanya zoezi hilo lizae matunda. Matini isiwe na maneno mageni, au yawe machache mno. Mwanafunzi alenge maana. Pawepo msukumo wa kwenda haraka kidogo kuliko alivyozoea. Na mazoezi yawe mengi. Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa zaidi shuleni kwetu, kwa sababu tunadhani matini rahisi ni kupoteza muda wa wanafunzi wa sekondari. Tunampa matini ngumu, tunawasha saa, na kumwambia akimbie. Hapo tunampima msamiati na kumwita mzembe. Matini ngumu zina kipindi chake, chenye kamusi na maelezo ya mwalimu. Zoezi la kasi hutumia maneno ambayo mwanafunzi anayajua tayari lakini anayajua kwa kusitasita.

Ushahidi wa njia hii una kiasi chake. Chang (2010), akifundisha Taiwan, aliripoti kwamba wanafunzi waliofanya mazoezi ya kusoma kwa kupimiwa muda kwa wiki 13 waliongeza kasi kwa takriban robo, na ufahamu wao ukapanda kidogo sana. Wapo watakaosikitishwa na udogo huo. Mimi nauona kuwa habari njema: kasi imepanda na ufahamu haukushuka, jambo ambalo kozi za kibiashara hazijaweza kulithibitisha. Aidha, hayo ni matunda ya mazoezi ya dakika chache katika kipindi.

Katika shule isiyo na vitabu wala vifaa, zoezi linawezekana kwa nakala 50 za matini moja, zilizobandikwa kwenye karatasi ngumu ili zitumiwe na mikondo yote. Saa moja ya ukutani inatosha, au simu ya mwalimu. Mwalimu huandika muda ubaoni kila baada ya sekunde kumi: 2:00, 2:10, 2:20. Mwanafunzi anapomaliza huinua macho, hunakili muda alioukuta ubaoni, hugeuza karatasi na kuanza maswali. Jedwali la kubadilisha muda kuwa kasi hubandikwa ukutani. Kwa matini ya maneno 550, dakika 5 ni maneno 110 kwa dakika. Dakika 3 na sekunde 40 ni 150. Dakika 2 na sekunde 12 ni 250. Anayepata maswali saba au nane kati ya kumi yuko mahali pake na anaweza kusukuma kasi kidogo. Anayepata kumi mfululizo anasoma kwa tahadhari kupita kiasi. Anayepata matano apunguze mwendo, na kama hali haibadiliki baada ya matini mbili au tatu, basi tatizo lake ni msamiati na arudishwe kwenye matini nyepesi zaidi.

Grafu ibaki kuwa siri ya mwanafunzi na mwalimu wake. Pale inapobandikwa ukutani, wanafunzi huanza kushindana, na mshindani hudanganya muda. Ni rahisi mno kuandika 3:10 badala ya 3:50. Zoezi hili halitoi alama za muhula, na pindi linapozitoa linakufa.

Kuna zoezi jingine ambalo halihitaji matini mpya hata kidogo, nalo ni kusoma kwa kurudia, lililopendekezwa na Samuels (1979). Mwanafunzi husoma aya ile ile mara tatu au nne, akipima muda kila mara. Wepesi alioupata katika aya hiyo huhamia kwa sehemu kwenye matini nyingine zenye maneno yale yale. Kwa shule yenye kitabu kimoja kwa wanafunzi watano, hili ndilo la kuanza nalo.

Kuhusu tatizo la maneno madogo nililolieleza katika sehemu ya tatu, mwalimu anaweza kuandika sentensi ubaoni kwa mafungu badala ya neno moja moja: 'at the end of the year' iwe kitu kimoja, 'she did not want to' kitu kingine. Kisha awaonyeshe wanafunzi kwamba fungu 'she did not want to' linafanya kazi ya neno moja la Kiswahili, 'hakutaka'. Mwanafunzi wa Kibantu ana faida hapa. Hahitaji kufundishwa kwamba mtenda, wakati na ukanushi vinaweza kukaa pamoja kama kifurushi. Lugha yake imemfundisha tangu utotoni. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba nafasi tupu kati ya maneno ya Kiingereza mara nyingi ni desturi ya maandishi tu, na macho yake yanaruhusiwa kuivuka.

6.0 Mahali Ambapo Kasi Haifai

Msomaji hodari ana gia zaidi ya moja. Swali la hisabati husomwa polepole, neno kwa neno, na neno 'not' katika swali la mtihani linastahili kutuliwa kila mara. Maelekezo ya dawa, mkataba na kifungu cha sheria havisomwi kwa saa mkononi. Ushairi hauna haja ya kutetewa hapa. Kwa upande mwingine, kutafuta tarehe katika sura ya Historia hakuhitaji kusoma sura nzima, na kupitia vichwa vya habari na sentensi za mwanzo za aya ili kujua kama kitabu kinafaa ni stadi ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kuishi bila hiyo. Stadi hizo mbili zifundishwe kwa majina yake, kama njia za kuchagua nini cha kusoma, na mwanafunzi aelezwe wazi kwamba anapozitumia amekubali kukosa mengine. Hatari ya kozi za kibiashara ni kumfanya asijue kwamba amekosa.

7.0 Kuanzia Kwenye Kiswahili

Stadi za kusoma huhama kati ya lugha, ingawa si zote na si kwa usawa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusoma kurasa kumi mfululizo kwa lugha anayoielewa vizuri hana uzoefu wa jinsi kusoma kwepesi kunavyohisiwa. Hajui anatafuta nini anapoambiwa aongeze kasi. Kwa hiyo napendekeza kwamba mazoezi haya yaanzie kwenye Kiswahili kwa Tanzania na kwenye Kinyarwanda na Kirundi kwa majirani, wiki tatu au nne kabla ya kuingia kwenye Kiingereza. Darasa lijifunze utaratibu wa saa, maswali na grafu kwa lugha isiyo na mitego ya tahajia. Na kwa Rwanda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu 2017 lakini kwa wanafunzi wengi bado ni lugha ya kujifunza darasani, mazoezi yale yale yanafaa kwa Kiswahili chenyewe, kwa sababu msamiati wa Kibantu unaoshabihiana utampa mwanafunzi kasi mapema kuliko atakavyoipata katika Kiingereza.

Kikwazo ni kwamba matini zenyewe hazipo. Kiingereza kina orodha za maneno yanayotumika zaidi tangu ile ya Michael West ya mwaka 1953, na mwandishi wa matini nyepesi anajua aanzie wapi. Kwa Kiswahili orodha ya namna hiyo inapaswa kuamua kwanza neno ni nini: je, 'nitasoma', 'walisoma' na 'hatujasoma' ni maneno matatu au ni mzizi mmoja wenye mavazi matatu? Kwa madhumuni ya kupima wepesi wa kusoma, nadhani mizizi ndiyo ihesabiwe katika kuchagua msamiati, na silabi ndizo zihesabiwe katika kupima urefu wa matini. Matini zote ziwe na idadi moja ya silabi, ili jedwali la ukutani litumike mwaka mzima bila kubadilishwa. Mada zichukuliwe katika mambo ambayo wanafunzi wanayafahamu: jinsi chai inavyokaushwa, safari ya meli katika Ziwa Tanganyika, kwa nini sokwe wa milimani hawaonekani nje ya misitu yao. Matini ishirini za kwanza zinaweza kuandikwa na walimu wanne katika likizo moja, mradi mmoja wao awe na subira ya kuhesabu silabi.